Kulwa Mkubwa, Doto Mdogo: Nani Kasema?

Ingia katika nyumba yoyote yenye watoto wengi, keti kidogo, na haitapita nusu saa kabla hujaelezwa tabia ya kila mmoja kwa nafasi yake ya kuzaliwa. Huyu mtulivu, ana mawazo ya kiutu uzima, maana ndiye kifungua mimba. Yule mkaidi na mwepesi wa kununa, msimlaumu, ni mtoto wa kati. Na huyo anayelia kwa kuwa kipande chake cha nyama ni kidogo ni kitinda mimba, amedekezwa. Wazazi husema hayo mbele ya wageni na mbele ya watoto wenyewe, nao watoto husikia, na mara nyingi hushika.

Je, zamu ya kuzaliwa humpa mtu tabia? Au tabia hiyo twampa sisi tuliomzunguka, kisha tukaisingizia zamu yake? Swali hili si la kupitishia muda wa Jumapili tu. Kutokana na jibu lake, huyu hupelekwa shule na yule hubakia jikoni. Huyu huaminiwa funguo na yule huitwa mtoto mpaka anapopata wajukuu.

Kwa swali hili natazama Unyanyembe, hasa Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, palipokuwa na makao ya watemi. Wenyeji wa huko wana namna yao ya kuwaita pacha. Wa kwanza kutoka tumboni huitwa Kulwa, wa pili huitwa Doto, awe wa kiume awe wa kike. Anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Majina hayo ya Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma yametembea mbali kuliko lugha yaliyotoka. Leo utawakuta kina Kulwa na Doto Tanga, Mtwara na Dar es Salaam, katika nyumba ambazo hakuna ajuaye hata salamu ya Kinyamwezi.

Sasa wafikirie hao pacha wawili. Wamekaa tumbo moja, wamezaliwa usiku mmoja, pengine dakika kumi zimepita kati yao. Wamekula chungu kimoja na wameanza shule siku moja. Lakini tangu wanapojua kusema, nyumba nzima huwakumbusha: “Kulwa, wewe mkubwa, mwachie mwenzio.” “Doto, msikilize dada yako.” Likivunjika sufuria la udongo, anaulizwa Kulwa alikuwa wapi. Akija mgeni, Kulwa ndiye anayetumwa kwenda kuazima kiti kwa jirani. Miaka kumi na mitano ikishapita hivyo, Kulwa akawa mtu wa kubeba dhamana na Doto mtu wa kusubiri kuambiwa, tutasema ni zile dakika kumi zilizofanya kazi hiyo?

Wayoruba wa Nigeria nao wana majina maalumu ya pacha. Wa kwanza kutoka huitwa Taiwo na wa pili Kehinde. Lakini kwao mkubwa ni Kehinde, yule aliyetoka nyuma. Wasema yeye ndiye aliyemtuma mwenzake atangulie kuionja dunia kisha ampe habari. Na kwa kweli hoja yao ina maana, kwani hata kwetu mkubwa hatangulii kwenda kubisha hodi, hutuma mdogo. Basi mtoto yule yule wa pili, akizaliwa Itetemia ni mdogo, akizaliwa Ibadan ni mkubwa. Ukubwa huo haukutoka tumboni. Umetolewa na watu waliokaa mlangoni wakingoja.

Wataalamu wa nchi za Ulaya wameshughulika na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1874, Mwingereza Francis Galton aliwachunguza wanasayansi mashuhuri wa nchi yake, akaona kwamba vifungua mimba walikuwa wengi miongoni mwao kupita ilivyotarajiwa. Baadaye akaja Alfred Adler, daktari wa Vienna, ambaye ndiye hasa aliyeyaeneza maneno tunayoyasikia hadi leo. Alisema mtoto wa kwanza hukaa kama mfalme katika kiti chake, kisha siku moja huzaliwa mwingine na yeye huvuliwa ufalme. Kwa hiyo hukua akipenda amri na utaratibu. Wa pili hukimbia maisha yake yote akijaribu kumpita aliyetangulia. Wa mwisho hubembelezwa. Mwenyewe Adler hakuwa kifungua mimba. Alikuwa na kaka mkubwa mwenye afya njema wakati yeye, utotoni, alisumbuliwa na matege. Msomaji ataamua kama nadharia hiyo ilizaliwa hospitali au ilizaliwa nyumbani kwao.

Ni nadharia tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Kwanza, huchukulia kwamba kila mtoto ana namba moja tu. Kwetu sivyo. Katika mji wa mume mwenye wake watatu, kijana anaweza kuwa kifungua mimba wa mama yake na mtoto wa saba wa baba yake. Asubuhi, ndani ya nyumba ya mama, yeye ndiye mkubwa, anagawa kazi. Jioni, wanaume wanapokusanyika kwa baba, ni mdogo, anashika birika watu wanawe mikono. Tumwandike wapi katika daftari la Adler? Mzee Burito Nyerere wa Butiama alikuwa na wake 22 na watoto 26. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora tangu 1937 na baadaye kurudi mjini humo kufundisha katika shule ya St. Mary’s, alikuwa mtoto wa mke wa tano, Bibi Mugaya. Uchifu wa baba ulikwenda kwa ndugu yake wa baba mmoja, Wanzagi. Atakayetaka kuieleza tabia ya Mwalimu kwa namba yake ya kuzaliwa, kwanza atuambie anahesabia upande gani.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Sigmund Freud, yule daktari maarufu ambaye Adler alifanya kazi naye kabla ya kukosana, alikuwa kifungua mimba wa mama yake. Lakini kwa baba alikuwa na kaka wawili, watu wazima, waliozaliwa na mke wa awali. Na mtoto wa mmoja wa kaka hao alimzidi Freud mwenyewe kwa umri. Nyumba ya namna hiyo mtu wa Tabora angeielewa bila kufafanuliwa.

Pili, watu hulinganisha visivyolingana. Mama humtazama binti wa miaka 16 na mvulana wa miaka 7, akasema yule ana busara kwa kuwa ni wa kwanza. Ana busara kwa kuwa ana miaka 16! Mngoje mvulana naye afike hapo ndipo upime. Tena mtoto wa nane hawezi kuzaliwa ila katika nyumba ya watoto wanane, na nyumba ya watoto wanane ina mfuko wake, shamba lake na taabu zake. Ukimlinganisha na kifungua mimba wa nyumba ya watoto wawili umelinganisha nyumba, hukulinganisha zamu.

Mwaka 1996 Mmarekani Frank Sulloway alitoa kitabu kikubwa akidai kwamba wadogo ndio wenye moyo wa kuasi na kupokea mawazo mapya. Alimtaja Charles Darwin, mtoto wa tano kati ya sita. Wengi waliamini. Kisha mwaka 2015 zikatolewa kazi mbili zenye watu wengi zaidi. Ya kwanza, ya Rodica Damian na Brent Roberts, ilitazama wanafunzi wa sekondari 377,000 wa Marekani. Ya pili, ya Wajerumani Julia Rohrer, Boris Egloff na Stefan Schmukle, ilikusanya watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Walipima uchangamfu, utulivu wa moyo, upole, bidii. Zamu ya kuzaliwa ikaonekana kuwa na uzito mdogo kiasi kwamba hakuna mzazi angeweza kuuona kwa macho. Palipoonekana tofauti ni katika majaribio ya akili, na hapo napo wa kwanza walitangulia kwa alama moja au moja na nusu hivi katika kipimo ambacho wastani wake ni 100. Kwa mtoto mmoja mmoja hiyo si kitu.

Nisifiche kwamba mjadala haujafungwa. Mwishoni mwa 2024 wataalamu wawili wa Canada, Michael Ashton na Kibeom Lee, walieleza kwamba watu wa kati na wa mwisho walionekana kuwa wanyenyekevu na wepesi wa kushirikiana kidogo kuliko wa kwanza. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na wingi wa watoto nyumbani: waliolelewa katika nyumba kubwa walijua zaidi kugawana. Kwa sisi tuliokula sinia moja watu tisa, hapana jipya hapo.

Utafiti ulionigusa kuliko yote ni wa Norway, wa mwaka 2007. Petter Kristensen na Tor Bjerkedal walitazama vijana wa kiume zaidi ya 240,000 walioandikishwa jeshini, ambao wote walipimwa akili. Wa kwanza waliwazidi kidogo wa pili, kama ilivyozoeleka. Lakini walikuwapo wa pili ambao kaka au dada yao aliyewatangulia alifariki akiwa mchanga, hata wakakulia nyumbani wakiwa ndio wakubwa. Hao walipata alama zinazofanana na za wa kwanza. Kwa tumbo la mama walikuwa wa pili. Kwa malezi walikuwa wa kwanza. Na kilichohesabika ni malezi. Ni habari ile ile ya Kulwa na Doto, imeandikwa kwa tarakimu.

Turudi Unyanyembe, maana historia ya pale yatoa ushahidi ambao hakuna mtihani uwezao kuutoa. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyefika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, aliandika habari za Fundikira, mtemi wa wakati ule. Fundikira alikuwa njiani kwenda pwani, mpagazi katika msafara kama wapagazi wengine, alipopata habari kwamba baba yake amefariki. Akatua mzigo, akarudi nyumbani kutawala. Fikiri jambo hilo: mrithi wa nchi, yuko katika mstari wa watu wenye mizigo ya kilo thelathini na zaidi begani, hakuna aliyemtandikia zulia. Kijana wa Kinyamwezi wa karne ile alijulikana kuwa mwanamume kwa kwenda pwani na kurudi, na hata watoto walibebeshwa pembe ndogo ili wazoee. Aliyetangulia mbele ya msafara, kirangozi, hakupewa nafasi hiyo kwa kuzaliwa mapema. Alipewa kwa kuijua njia, visima, na maneno ya kuwatuliza watu walipochoka.

Na urithi wenyewe haukufuata zamu. Katika sehemu nyingi za Unyamwezi wa kale utemi ulipita upande wa mama: mtemi alirithiwa na mtoto wa dada yake. Kifungua mimba wa mtemi angeweza kuwa na busara ya Sulemani, lakini kiti hakikuwa chake. Unyanyembe iliuacha utaratibu huo katika karne ya 19, watoto wa kiume wakaanza kurithi, na hapo ndipo ugomvi ulipopata nafasi. Baada ya Fundikira alitawala Mnywa Sere. Akatoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara Waarabu, nao wakamwondoa, wakamweka ndugu yake Mkasiwa. Mnywa Sere akapigana porini miaka kadhaa mpaka alipouawa mwaka 1865. Mkasiwa alitawala mpaka 1876, akafuata Isike, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani yake pamoja na watu wake. Ushuru, bunduki na pembe za ndovu ndivyo vilivyopanga nani akae kitini. Mwaka 1963 Tanganyika huru iliufuta utawala wa machifu, ikakataa mtu kutawala kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Majumbani mwetu sheria hiyo haijafika.

Huko majumbani ndiko kuliko na jambo la kutazamwa. Waswahili husema mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa kwake. Katika vijiji na mitaa ya Tabora jalala hilo aghalabu ni binti. Akifika miaka minane amebeba mdogo wake mgongoni. Akifika kumi anachota maji alfajiri, anasonga ugali, anafahamu nani ana homa na nani hakula. Msimu wa tumbaku ukifika, yumo katika kufunga majani. Wazazi humsifu: “Huyu ni mama wa pili.” Ni sifa ya kweli, nasi twaisema kwa upendo. Lakini mama wa pili naye anatakiwa kufanya hesabu za darasa la sita, na usiku hauna saa za ziada kwa vifungua mimba. Wataalamu wa Ulaya wakieleza kwa nini wa kwanza hutangulia kidogo katika masomo, husema ni kwa sababu alipata muda wa wazazi peke yake, na kwa sababu kuwafundisha wadogo kunamnoa yeye mwenyewe. Sababu hizo zinahitaji nyumba yenye muda. Dada anayefundisha akiwa amekaa mezani hunoleka. Anayefundisha huku anapuliza moto wa kuni mbichi huchoka tu.

Kuna hila nyingine ya macho ambayo naiona kila mara wazazi wanapolalamika au kujivuna. Tuseme binti wa kwanza alizaliwa 1998. Alianza darasa la kwanza 2005, wakati ada ya shule za msingi ilikwisha kufutwa tangu 2001. Akamaliza la saba 2011. Kidato cha kwanza cha kutwa mwaka 2012 kilidai ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango, madaftari, sare na viatu. Nyuma yake walikuwapo wanne. Akabaki nyumbani. Kitinda mimba alizaliwa 2008, akamaliza la saba 2021, akaingia sekondari 2022, miaka sita tangu Serikali ilipoondoa ada mpaka kidato cha nne, Januari 2016. Tena mwaka huo huo wa 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Zaidi ya hapo, dada yake mkubwa alikuwa amekwisha kuolewa au yuko mjini anafanya kazi, na kila mwisho wa mwezi anatuma fedha ya madaftari kwa simu. Kijana anafaulu. Baba anakaa barazani anasema: “Wa mwisho ndiye aliyejaliwa akili, yule wa kwanza hakupenda shule.” 

Hakupenda shule! Naomba mzazi mwenye kauli hiyo mdomoni atafute karatasi, aandike mwaka wa kuzaliwa wa kila mtoto, na pembeni yake aandike ada ya mwaka ule, mavuno ya mwaka ule, na nani alikuwa akichota maji. Nadhani nusu ya hulka za watoto wake zitabaki katika safu hizo tatu.

Na mtoto wa kati, ambaye nimempita mbio kama kawaida ya watu wote? Huyo mara nyingi hurithi nguo ya mkubwa na lawama ya mdogo. Mwalimu akimwita kwa jina la kaka yake, hilo ni kosa la mwalimu, si dalili ya ugonjwa wa kuzaliwa katikati.

Binti wa 1998 bado yupo, na hajazeeka. Baraza la Mitihani la Tanzania huendesha Mtihani wa Maarifa, ule ambao watu huuita QT, kwa walioishia shule ya msingi bila kupita sekondari ya kawaida. Akifaulu huo huruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Wako waliokwisha kuupita wakiwa na watoto wao mgongoni. Atahitaji jioni tatu au nne kwa wiki, taa, na mtu wa kumshikia kazi za nyumbani saa hizo. Yule kitinda mimba amekwisha kuuvuka, muda mrefu, umri ambao dada yake alianza kubeba ndoo.